Ufa wa Mtungi

Sanduku lilikuwa na vibao kumi na vinne,
vimefungwa gazeti lililokauka kama ngozi ya sato.
Nilivifungulia sakafuni, dukani kwetu mtaa wa Rufiji,
wateja wakiuliza bei ya kurudufu vyeti.

Cha sita ni mwanamke amejitwika mtungi.
Babu Luhende alimchonga katika mti wa mpera.
Namjua. Nani wa rika la mama yangu hamjui?
Kwenye kitabu cha kusomea alikuwa Mama Anateka Maji.
Kwenye karatasi za misheni, zilizovushwa Ukerewe kwa boti,
alikuwa yule Msamaria wa kisimani.
Chama cha ushirika kilipohimiza pamba
babu aliugeuza mtungi kuwa kikapu
kwa neno moja tu chini yake: MAVUNO.
Mwaka wa kipindupindu alisema: CHEMSHA.
Hakuwahi kulipwa.
Hakuwahi kuutua.

Bituro, mkutubi wa Nyegezi, anasema babu hakuwa wa kwanza.
Huko Sevilla, yapata miaka mia tano iliyopita,
wachapaji walikuwa na kijana, binti, mti, nyumba,
kila mmoja na kibao chake,
wakawapanga bega kwa bega juu ya hadithi yoyote iliyokuja.
Kijana aliyekufa kwa mapenzi katika kitabu cha kwanza
yu mzima katika cha tatu, ana jina jingine,
kofia ileile, unyoya uleule.
Wasomaji walinunua. Mti haukuulizwa.

"Ukitaka kujua kipi kilitangulia," akaniambia,
"usitazame uso. Tazama ufa.
Ubao hauponi."

Basi nikazipanga karatasi zetu zisizo na tarehe.
Masika ya ziwa huufurisha mpera, kiangazi huusinyaza,
na ufa ulikuwa ukishuka, mwaka hadi mwaka.
Mama Anateka Maji: hakuna kitu.
Msamaria: unywele mweupe kwenye mdomo wa mtungi.
Pamba: umefika jichoni.
Kipindupindu: umelivuka bega.

Zikabaki mbili.
Tanzia ya Minza, mke wa kwanza wa babu,
aliyefariki bila kupigwa picha hata moja.
Na kadi ya harusi ya babu na bibi yangu Holo,
Jumamosi, saa nane mchana, mwaka haukutajwa.

Nyumbani tulifundishwa mpangilio:
kilio, matanga, mwaka mzima wa upweke, ndipo Holo.
Kwenye tanzia ufa umefika shavuni.
Kwenye kadi umeishia kwenye paji la uso.

Nikazima mashine.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
lakini kata ya nyumba yetu inaishi Igogo,
ina miaka themanini na tisa,
na jana iliniuliza kama nimekula.

Nikakirudia kibao na kioo cha kukuzia.
Ndani ya ufa, kati ya paji na shavu,
kuna mabaki ya nta, ya manjano, yamesawazishwa kwa kisu.
Aliwahi kuuziba.
Usipoziba ufa, wanasema, utajenga ukuta.
Hawasemi ukiuziba utajenga nini.

Labda alioa mapema, akanyamaza.
Labda alioa kwa wakati wake,
na usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo akayeyusha mshumaa
ili bibi harusi asiingie nyumbani kwake
na uso uliopasuka,
uso ambao hapo nyuma alimvisha marehemu.
Joto la dukani likafanya yaliyobaki.

Nilimpaka wino mwenyewe. Karatasi moja,
bila neno chini.
Ule mstari mweupe ukatoka mtungini hadi kifuani
kama maji yaliyomwagika safarini.

Holo aliisogeza karibu na dirisha,
akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka.
"Mwenzangu," akasema.
Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.